Kastadi Isiyo na Yai

Mimi na yai hatujawahi kupatana. Nilipokuwa mchanga mama alinionjesha kijiko kimoja cha yai la kuchemsha, na kabla hajakiosha kile kijiko midomo yangu ilikuwa imevimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki, na kilio changu kimekuwa chembamba kama filimbi. Tangu hapo yai likapigwa marufuku nyumbani kwetu. Lakini ukilifukuza yai kwako hujalifukuza kwa watu. Keki ina yai. Biskuti nyingi zina yai. Kila kulipokuwa na sherehe ya watoto, wenzangu walikaa mezani na mimi nikakaa kwenye ngazi ya mlango wetu na kipande cha mkate kilichopakwa mafuta ya nyama. Mafuta hayo ni matamu, sikatai, hasa yale ya chini ya bakuli yenye rangi ya kahawia, na mama aliyanyunyizia chumvi kidogo. Ila mkate wa ngazini si sawa na mkate wa mezani, hata uupake nini.

Tulikuwa tunakaa Deritend, Birmingham, kwenye ua wa nyumba zilizopeana migongo. Katikati ya ua palikuwa na bomba moja, vyoo, na chumba cha kufulia. Ndani ya chumba hicho kulikuwa na sufuria kubwa la shaba lililojengewa kwa matofali, na mahali pa moto chini yake, na kila familia ilikuwa na siku yake ya kuchemshia nguo. Jumatatu ilikuwa yetu, na mama hakuiachia hata alipokuwa na homa.

Mama yangu, Olive Tranter, alikuwa mpakiaji katika kiwanda cha unga wa kastadi, ule unaopikwa na maziwa ukawa mchuzi mzito mtamu. Ulikuwa unamjua amefika kabla hujamwona, kwa sababu vanila ilikuwa imeingia kwenye koti lake, kwenye kitambaa chake cha kichwa, mpaka kwenye viatu. Ndani ya basi watu waliokaa karibu naye walianza kuzungumza habari za chakula bila kujua kwa nini. Wengi hudhani ule unga ni wa njano. Si wa njano. Ukiwa mkavu ni mweupe wenye wekundu wa mbali, kama shavu la mtoto, na njano haitoki mpaka uutie maziwa. Mama alipenda sana kunionyesha hilo. Aliweka unga kidogo kwenye kisahani, akadondosha tone la maziwa, akaniambia, "Tazama, jua linachomoza."

Na alipenda kunisimulia ulikotoka. Kwamba zamani sana, kabla ya bibi yake kuzaliwa, palikuwa na mtu mwenye duka la dawa hapa hapa mjini kwetu. Mkewe alikuwa kama mimi, yai lilimdhuru, na maskini alikuwa anapenda kastadi. Nyakati hizo kastadi ilikuwa ya mayai tu. Yule bwana akaingia nyuma ya duka lake, akahangaika na mizani na unga laini wa mahindi mpaka akapata kitu kizito, laini, cha njano, ambacho mkewe angeweza kula akashiba. Siku moja wageni wakaandaliwa ile kastadi ya mke, wakala, wakaomba waongezewe. Ndipo akaanza kuiuza.

"Kwa hiyo kumbuka, Noreen," mama alikuwa anasema, "wengine duniani wanaikuta kwenye kopo, lakini ilipikwa kwanza kwa ajili ya mtu mmoja asiyekula yai. Ni yako kabla haijawa yao."

Mji wetu umetengeneza bunduki, vifungo, vitanda, baiskeli na nibu za kalamu. Mimi nikiulizwa shuleni mji wetu unajulikana kwa nini, nilikuwa najibu kastadi, na mwalimu alikuwa ananiandikia vema.

Sasa mwaka ule wa kutawazwa malkia, mayai yalikuwa yametoka kwenye mgao wa chakula wa tangu vita mwezi Machi. Watu walikuwa wamekaa miaka mingi wakipimiwa yai kama dawa, na sasa ungeweza kuingia dukani ukanunua unavyotaka. Wanawake wa ua wetu walishikwa na wazimu wa mayai. Na karamu ya kutawazwa ilikuwa Juni, siku ya Jumanne.

Wakakutana chumba cha kufulia kupanga. Ilikuwa siku ya kufua ya Bridie Corrigan, Mwairishi wa nyumba ya pembeni, na mama alikuwa anamsaidia kukamua shuka, mmoja huku na mwingine kule. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni. Bibi Moule, mzee wetu, alikalia ndoo iliyopinduliwa. Masikio yake yalikuwa mazito, ila alisikia alichotaka kusikia.

Aliyeanza alikuwa Florrie Pinfold. Sisi watoto tulimwita Shangazi Florrie, kama tulivyowaita mama wote wa ua, na kwa kupika pai hakuwa na mpinzani mtaani.

"Kaka yangu wa Yardley ana kuku wanaotaga kama wanalipwa mshahara," akasema. "Ataniletea kapu zima. Pai nitapika mimi, kama kawaida. Na juu yake tumwage kastadi ya haki, kastadi ya mayai. Jamani, tumekula unga wa kopo mpaka tukasahau kuku anafananaje."

"Na Noreen wetu?" mama akauliza, bila kuachia shuka.

"Noreen atapata jeli."

"Jeli alipata Krismasi. Jeli alipata kwenye harusi ya mdogo wako, Florrie, akaila peke yake ngazini kama paka."

"Sasa Olive, tuwanyime watoto wote mayai kwa ajili ya mmoja?"

"Sijasema uwanyime. Waweza kuwachemshia mayai hayo kesho yake wakala mpaka wawike. Nimesema siku ya sherehe wote wale kitu kimoja."

"Cha kopo."

"Cha kopo, ndiyo."

Shangazi Florrie akaweka mikono kiunoni. "Siku ya malkia. Wenzetu wa ua wa pili wanapika nyama ya nguruwe, sisi tuwamwagie watoto unga. Mwenzangu, sikudharau, ndiyo kazi yako. Lakini mimi unga huo siutii tena mdomoni mwangu. Niliapa siku ile ile mgao ulipoondolewa."

"Hata mimi," akasema Bridie, ingawa kwa sauti ndogo, kwa kuwa mama ndiye aliyemshikia shuka upande wa pili.

Tatizo ni kwamba maziwa waliyochangia yalitosha kastadi ya aina moja tu. Wakabishana mpaka maji yakapoa. Mwisho Bibi Moule akapiga fimbo sakafuni.

"Olive apike ndoo Jumamosi, watu waonje," akasema. "Ikiwa nzuri, iende mezani. Ikiwa mbaya, Florrie avunje mayai yake. Kelele za nini na midomo ipo?"

Wakakubaliana hivyo. Mimi mlangoni nilielewa vizuri. Ndoo ya Jumamosi ndiyo ingeamua kama Jumanne nitakaa mezani au ngazini.

Jumamosi mama alitoka kiwandani mchana. Aliponisuka nywele nikamuuliza, "Wakikataa je?"

"Wakikataa nitakaa ngazini na wewe," akasema, "na malkia atatusamehe."

Kwanza alilisugua sufuria la shaba kwa mchanga na siki mpaka likang'aa, ingawa kastadi yenyewe haikugusana nalo. Maziwa ukiyaweka moja kwa moja juu ya moto ule yataungua chini, na kastadi iliyoungua hata uitie sukari ya nchi nzima bado inanuka moshi. Kwa hiyo alijaza maji kwenye sufuria, yakachemka, akaisimamisha ndani yake ndoo nyeupe ya enameli yenye maziwa. Pembeni, kwenye bakuli, alikoroga unga na sukari kwa maziwa ya baridi. Lazima ya baridi. Ukiutupa unga mkavu kwenye maziwa ya moto utapata madonge, na donge la kastadi halina dawa. Maziwa yalipoanza kutetemeka pembeni akayachota, akayamwaga kwenye bakuli huku akikoroga, kisha akaurudisha mchanganyiko wote kwenye ndoo, akakoroga kwa mwiko mrefu wa mbao, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, bila kupumzika. Ikaanza kuwa nzito polepole. Ghafla ikawa ya njano kabisa. Alipoinua mwiko, kastadi iliteremka kama utepe na utepe ukabaki juu kwa muda kabla ya kuzama.

"Hiyo," akasema mama, na akafuta uso.

Akanichotea bakuli dogo, akalifunika kwa kisahani, akaliweka dirishani kwetu lipoe. Ndoo akaitoa, akaiweka karibu na mlango wa chumba cha kufulia nayo ipoe, kwa kuwa kuonja kulipangwa saa kumi alasiri. Mwiko akauacha humo humo. Kisha tukaenda mimi na yeye kanisani kuazima bakuli na mabenchi. Baba alikuwa kwenye kishamba chetu kando ya reli, anavuna rubabi, yale mabua mekundu machachu tunayoyatia kwenye pai.

Tuliporudi, ua mzima ulikuwa umekusanyika. Shangazi Florrie alikuwa amevaa aproni safi na binti yake Avril amemshika mkono. Mama akachota upawa wa kwanza ili amtilie Bibi Moule.

Ikamwagika kama maji. Ilikuwa njano, ilinukia vanila, lakini ilikuwa nyepesi, ikazunguka bakuli na kutulia kama chai. Mama akachota tena kutoka chini, ikawa vile vile. Akainua mwiko. Hakukuwa na utepe.

Halafu Shangazi Florrie akasema, na kusema kweli hakusema kwa furaha, "Olive, mimi nilitaka uniaibishe. Lakini hii paka wa Bibi Moule hatailamba. Ataiogelea."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Nilimwona ameshika mwiko kama mtu aliyeshika kitu cha mtu mwingine. Miaka yote ile ya kupakia makopo, harufu ile kwenye koti, zile hadithi zote za mwenye duka la dawa, zilikuwa zinamwagika mbele ya majirani. Nikaona nisiendelee kutazama. Nikaenda dirishani, nikachukua bakuli langu, nikakaa ngazini kwetu. Nilijiambia kama ngazi ni yangu hata Jumanne, basi bora nianze kuizoea.

Avril Pinfold akanifuata. Alikuwa mtoto wa kufuata chakula popote kilipo. Nikafunua kisahani, nikachomeka kijiko changu. Kijiko kikasimama.

Avril akakitazama, akageuka, akapaza sauti. "Mama, ya Noreen inasimama."

Wakaja wote. Mama akapiga goti mbele yangu, akakitikisa kile kijiko, kikakataa kuanguka. Akalitazama bakuli. Akaitazama ndoo kule mlangoni. Kisha akautazama mwiko, uliokuwa umeegemea ndani ya ndoo, na nikaona uso wake unabadilika.

"Zimetoka ndoo moja," akasema. "Moja ilikuwa na kisahani juu. Nani ameonja?"

Wakaangalia viatu vyao.

"Siulizi kwa ugomvi. Nauliza nani ameonja kwa mwiko ule, akaulamba, akaurudisha."

"Nani aonje?" akasema Shangazi Florrie. "Tumeapa."

"Kiwandani kwetu," mama akasema, "siku ya kwanza, kabla hujapewa hata aproni, wanawake wa zamani wanakuambia: kijiko kilicholambwa kisirudi chunguni. Ukishaonja, kitie kwenye beseni, chukua kingine. Mate yanaiua kastadi. Kwa nini yanaiua sijui, sikuuliza. Lakini naweza kuwaonyesha. Noreen, nipe nusu ya bakuli lako."

Nilimpa, ingawa iliniuma. Akaigawa kwenye vikombe viwili. Akachukua kijiko safi akakoroga kikombe cha kwanza. Cha pili akamkabidhi Bibi Moule na kijiko kingine. "Bibi, onja, ulambe vizuri, urudishe, ukoroge. Fanya tena na tena."

"Kazi hiyo naiweza," akasema Bibi Moule, na akaifanya kwa moyo wote.

Tukasubiri. Bridie akasimulia habari za shemeji yake ili muda upite. Hakuwa amefika mbali mama alipoinamisha kikombe cha kwanza, na kastadi ikajivuta taratibu, ikaning'inia ukingoni. Akainamisha cha Bibi Moule. Ikamwagika chini, ikatiririka kwenye mfereji wa ua pamoja na maji ya kufulia.

Wahenga husema siri ya mtungi aijuaye kata. Siri ya ndoo ile uliijua mwiko, na sasa mwiko ulikuwa umesema.

Bibi Moule ndiye aliyeanza. "Basi mimi nililamba," akasema. "Nimezika waume wawili na nimepita vita viwili. Mnataka niuogope mwiko?"

"Na mimi," akasema Bridie. "Kidogo tu. Nikakoroga ili ule utando wa juu usionekane umetobolewa."

Kumbe wote walifanya hivyo. Kila aliyepita mlangoni aliangalia kulia na kushoto, akachota, akalamba, kisha akakoroga vizuri kuficha tundu lake, na kwa kukoroga kule akayapeleka mate mpaka chini ya ndoo. Wakaanza kukiri mmoja mmoja, na kila aliyekiri wengine walimcheka kwa nguvu zaidi, kwa kuwa zamu yao ilikuwa inakaribia.

Akabaki Shangazi Florrie. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Florrie," akasema mama kwa upole.

"Mara moja," akasema Shangazi Florrie.

"Mara moja tu?"

"Ya kwanza ilikuwa bado ya moto, sikuisikia ladha. Kwa hiyo nikarudia." Akanyoosha aproni yake. "Na ya tatu ilikuwa kwa sababu ya ya pili."

Hapo hata mama alicheka. Alikaa kwenye ngazi yangu, akajifuta macho na aproni, akacheka mpaka Bibi Moule akaomba aelezwe tena kilichosemwa.

"Mwaapa kwa sauti, mwalamba kwa siri," mama akasema alipopata pumzi. "Sasa, ni nzuri au mbaya?"

"Usinilazimishe kulisema," akasema Shangazi Florrie. "Jumanne upike. Na mwiko huo nitaulinda mimi."

Jumanne mvua ilinyesha kama mtu aliyekasirishwa. Nchi nzima ilinyeshewa, na malkia pia. Tukahamishia meza kwenye karakana ya vifungo pembeni mwa ua. Mwenye karakana alitufungulia, na tulikula tukiwa tumezungukwa na mashine zilizofunikwa magunia na bendera ndogo za karatasi. Mama alipika tangu asubuhi, ndoo baada ya ndoo. Mlangoni mwa chumba cha kufulia alisimama Shangazi Florrie na mwavuli, na mfukoni mwa aproni vijiko vya chai tele. Aliyetaka kuonja alipewa kijiko, akaonja mbele yake, kikanyang'anywa papo hapo. Baba yangu alijaribu kupitisha kidole akapigwa.

"Ern Tranter, hata kidole kina ulimi," akamwambia.

Mama mmoja wa ua wa pili alikuja na kofia yake ya sherehe, akachungulia ndani ya ndoo. "Ni ya mayai hiyo?"

"Mayai ya nini?" akasema Shangazi Florrie, kama mtu aliyetukanwa. "Hii ni kastadi ya Olive. Imeanzia mji huu huu kabla kuku wenu hawajajua kutaga. Ukitaka bakuli kalete lako."

Kisha akazileta pai zake mezani, na nilimwona mama anaziangalia kwa makini. Kawaida Shangazi Florrie alipaka yai lililopigwa juu ya pai zake kabla hazijaingia ovenini, ndiyo sababu ziling'aa vile, na alijivunia mng'ao ule kuliko pete yake ya ndoa. Siku ile hazikung'aa. Alikuwa amezipaka maziwa matupu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na yeye hakusema.

Mama akamsogelea. "Zimependeza, Florrie."

"Zimefifia," akasema Shangazi Florrie. "Lakini mtoto atakula."

Nilikaa katikati ya benchi, Avril kulia kwangu. Sikuwa nimewahi kukaa katikati ya benchi, na sikujua kwamba unabanwa namna ile, viwiko pande zote, na mtu anakupiga teke chini ya meza bila sababu. Jagi lilianzia kichwa cha meza. Lilipita mkono kwa mkono, kila mtoto akamiminia pai yake. Nilikuwa nimezoea jagi kunipita juu ya kichwa. Safari hii lilifika mikononi mwangu likasimama. Lilikuwa zito na la moto, na utando mnene ulikuwa umejifunga juu, ule ambao watoto wa ua wetu walikuwa tayari kupigana kwa ajili yake.

Nikatazama upande wa mlangoni. Mama alikuwa amesimama pale na mikono yake mekundu kwa mvuke, nywele zimelowa, amenyooka kama askari wa gwaride. Hakuniita, hakunipungia. Alikuwa anangoja kuona tu.

Nikamimina. Utepe wa njano ukateremka, ukafunika pai yote, ukafika ukingo wa bakuli, na ule utando ukaja nao, wote.

"Noreen," akasema Avril kwa hasira, "huo utando si wako peke yako. Acha uroho."

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniambia niache uroho mezani. Nikaukata utando kwa kijiko, nikampa nusu, nikabaki na ile kubwa.